Chai na kahawa bila kuunguza umio: mwongozo wa hatua kwa hatua

Maswali ni yale yale kila mara. Chai inaleta saratani? Kahawa je? Niache ya maziwa ninywe ya rangi? Nikitia tangawizi inasaidia? Nimeamua kuyajibu kwa mwongozo, maana hakuna anayehitaji kuacha kunywa. Kinachotakiwa ni kujua joto la kikombe chako, na hilo unaweza kuanza kulifanyia kazi leo jioni jikoni kwako.

Jibu fupi kwanza. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, ambalo liko chini ya Shirika la Afya Duniani na makao yake yako Lyon, Ufaransa, liliwaita wataalamu wapitie tafiti zilizokuwepo kuhusu kahawa na vinywaji vya moto. Tangu 1991 kahawa ilikuwa ikishukiwa kuleta saratani ya kibofu cha mkojo. Wataalamu hao waliona ushahidi hautoshi, wakaiondolea shaka hiyo. Lakini kinywaji chochote kinachonywewa kikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 65 kiliwekwa kwenye kundi la vitu ambavyo yaelekea vinasababisha saratani kwa binadamu. Iwe chai, iwe kahawa, iwe maji matupu, kinachoangaliwa ni joto. Saratani inayozungumziwa ni ya umio, yaani mrija unaopitisha chakula kutoka kooni kwenda tumboni.

Kwetu jambo hili liko karibu sana. Saratani ya umio ina ukanda wake barani Afrika, unaoanzia Ethiopia, ukapita Kenya, Tanzania na Malawi, hadi Afrika Kusini. Mkoani Kilimanjaro watafiti walipima joto la chai wakati watu wanaanza kuinywa. Wastani ulipita nyuzi 70, na wanywaji wa chai ya maziwa walianza ikiwa ya moto zaidi kuliko wale wa chai ya rangi.

Nadharia inatosha hapo. Tuandae vitu.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kipimajoto cha jikoni chenye ncha ya chuma, kinachosoma hadi nyuzi 100 au zaidi. Vinauzwa kwenye maduka ya vyombo na vifaa vya kuokea keki.
- Kikombe unachokitumia kila siku. Usichukue cha wageni.
- Kikombe cha pili kitupu, au kisahani kipana chenye kina kidogo.
- Saa ya simu, karatasi na kalamu.
- Maziwa yaliyochemshwa yakapoa, kama unapenda chai ya maziwa.

Onyo la mapema: usitumbukize kipimajoto cha homa kwenye chai. Kile kinaishia nyuzi 42 au zaidi kidogo tu. Cha kioo kitapasuka, na kama ni cha zebaki utakuwa umemwaga sumu mezani unapolia chakula.

Kama huna kipimajoto cha jikoni na hukipati, usiahirishe. Ruka hatua ya kwanza na ya pili, uanzie ya tatu, ambako nimeeleza jinsi ya kufanya bila kipimo.

Hatua ya 1: Hakiki kipimajoto

Chemsha maji hadi yatokote kwa nguvu, kisha tumbukiza ncha bila kugusa sufuria. Ukiwa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja kitasoma karibu na 100. Ukiwa juu milimani usishtuke kikisoma pungufu, kwa sababu maji hutokota mapema kadiri unavyopanda, takriban nyuzi moja kwa kila mita 300. Arusha tarajia kama 95, Nairobi kama 94, Kericho kama 93. Kikikosea kwa nyuzi mbili au tatu, andika tofauti hiyo na uikumbuke kila unapopima.

Hatua ya 2: Pima unavyokunywa sasa

Hapa usibadilishe chochote. Andaa chai kama kawaida yako, mimina, ukae, na ule muda ambao mkono wako ungepeleka kikombe mdomoni, pima kwanza. Koroga kidogo kabla ya kusoma, kwa sababu juu na chini ya kikombe hakuna joto sawa. Andika namba. Fanya hivyo asubuhi na jioni kwa siku kadhaa, na uwapime pia walio nyumbani, kila mmoja kwa kikombe chake.

Kosa linaloharibu kipimo hiki ni kujiheshimu mbele ya kipimajoto. Mtu akijua anapimwa, husubiri kidogo. Pima kile unachokunywa ukiwa na njaa na baridi ya saa kumi na mbili asubuhi.

Namba uliyoandika ina maana gani? Ikiwa juu ya 65, uko kwenye eneo ambalo onyo la 2016 linalihusu. Mimi nakushauri ulenge chini ya 60, na sababu yangu ni hii. Katika jimbo la Golestan, kaskazini mwa Iran, ambako saratani ya umio ni nyingi ingawa wengi hawavuti sigara wala hawanywi pombe, watafiti wamefuatilia wanywaji wa chai kwa miaka mingi. Matokeo yaliyochapishwa 2009 yalionyesha kuwa wanaokunywa chai ya nyuzi 70 au zaidi walikuwa na hatari karibu mara nane ya wale wanaokunywa ya vuguvugu au ya joto la wastani. Kwa nyuzi 65 hadi 69 ilikuwa karibu mara mbili. Mwaka 2019 wakachapisha matokeo ya watu zaidi ya 50,000: waliokunywa angalau mililita 700 kwa siku, ikiwa na nyuzi 60 au zaidi, walikuwa na hatari kubwa kwa asilimia 90 kuliko waliokunywa kidogo na ikiwa imepoa. Mililita 700 ni vikombe vitatu tu vya kawaida. Nyumba nyingi za kwetu hufikisha hapo kabla ya jioni.

Zisome namba hizi vizuri. Mara mbili au mara nane inalinganisha kundi moja na lingine. Haina maana kwamba kila anayekunywa ya moto ataugua.

Hatua ya 3: Tafuta muda wako wa kusubiri

Hii ndiyo hatua yenye faida kuliko zote, hivyo ipe nafasi.

Mimina chai ikiwa imetoka kutokota. Washa saa. Pima kila baada ya dakika mbili, ukikoroga kabla ya kila kipimo, hadi isome 60. Andika ilichukua dakika ngapi. Hiyo ndiyo namba yako, kwa kikombe hicho, kwa nyumba hiyo. Kikombe kikubwa kizito cha udongo chenye robo lita mara nyingi hudai dakika kumi au zaidi. Kikombe kidogo chenye mdomo mpana hupoa mapema. Kikombe chenye kifuniko, hasa vile virefu vya chuma vya tabaka mbili ambavyo watu hubeba kazini, kinaweza kukaa juu ya 65 hata baada ya saa nzima.

Kule Golestan, waliokunywa kabla ya dakika mbili kupita tangu kumiminwa walikuwa na hatari zaidi ya mara tano ya waliosubiri dakika nne au zaidi. Vikombe vyao si kama vyako, kwa hiyo usinakili dakika nne zao. Pima zako.

Bila kipimajoto, fanya hivi:

- Subiri dakika kumi kwa kikombe kikubwa kisicho na kifuniko.
- Kisha chukua funda dogo. Ukiweza kulituliza mdomoni huku ukihesabu hadi tatu, bila kulizungusha na bila kuvuta hewa, endelea kunywa.
- Ukilazimika kupuliza, au kufyonza kwa sauti ili hewa iingie pamoja na chai, bado. Mdomo umeshakuambia.

Usipime kwa kidole. Kidole cha anayepika kila siku kimezoea moto na kitakudanganya.

Umio una udhaifu wake, nao ni kwamba hauhisi moto kama ulimi unavyohisi. Mtu humeza haraka ili ulimi upone, na moto wote anaupeleka chini ambako hapasikii sana. Ukuta wa ndani unaungua, unajijenga upya, unaungua tena kesho yake, miaka na miaka.

Hatua ya 4: Chagua namna ya kupoza

Kama huna dakika kumi, kuna njia tatu.

Ya kwanza ni kumimina kutoka kikombe kimoja kwenda kingine, mara tano au sita, kutoka juu kidogo. Chai inapoanguka hukutana na hewa na kupoteza joto upesi. Fanya hivyo mbali na watoto.

Ya pili ni kisahani. Wengi mmemwona bibi au babu akimimina chai kwenye kisahani na kuinywa pole pole. Walikuwa wanafanya jambo sahihi kabisa, na inaniuma kuona vijana wanawaona washamba. Chai iliyotandazwa kwenye kisahani hufika joto la kunyweka kwa muda mfupi sana.

Ya tatu ni maziwa baridi, na hapa panahitaji maelezo, kwani ndipo watu wengi wanapokosea. Wanasikia kwamba maziwa hupoza chai, kisha wanapika chai ya maziwa ileile ya kwetu: maziwa, maji, majani, tangawizi na sukari, vyote vinatokota pamoja kwenye sufuria moja. Maziwa hayo hayajapoza kitu. Yamechemka pamoja na chai, na utando unaoganda juu huzuia mvuke usitoke. Ukitaka maziwa yapoze, pika chai ya rangi yenye majani mengi zaidi na viungo vyako vyote, kisha tia maziwa yaliyochemshwa yakapoa. Hesabu ni rahisi. Mililita 200 za chai ya nyuzi 85 ukizichanganya na mililita 50 za maziwa ya nyuzi 25 unapata kama 73, bado ni moto mno. Ukitia mililita 100 za maziwa unashuka hadi 65, na kikombe chenyewe kikinyonya joto utakuwa chini ya hapo kidogo. Basi vipimo ni viwili vya chai kwa kimoja cha maziwa, kisha subiri dakika chache.

Usipoze kwa maji ya bomba ambayo hayajachemshwa. Utakimbia ugonjwa mmoja uukaribishe wa tumbo.

Hatua ya 5: Punguza ukubwa wa funda

Joto la kikombe ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni kiasi unachomeza kwa mara moja. Wapimaji waliwahi kuweka vipima joto ndani ya umio wa watu waliojitolea, wakaona kahawa ya nyuzi 65 inapandisha joto humo kwa nyuzi 6 hadi 12, kutegemea ukubwa wa funda. Funda dogo hupoa mdomoni na njiani. Funda kubwa hufika chini likiwa na moto wake wote. Kwa hiyo mafunda matatu ya kwanza yawe madogo, hata kama umesubiri dakika zako.

Hatua ya 6: Shughulikia chupa ya chai

Chai ya chupa huwaponza hata waangalifu. Mtu anaipika saa moja, anaitia kwenye chupa, anaimimina saa tatu, halafu anajiambia imeshapoa kwa sababu imekaa. Chupa nzuri kazi yake ni kuzuia isipoe. Mimina, pima, utashangaa. Kila kikombe kinachotoka kwenye chupa kihesabu kama kimetoka jikoni sasa hivi, na dakika zianze upya.

Ukitaka urahisi, iache chai ipoe kidogo kwenye sufuria, ikifika nyuzi 70 ndipo uitie kwenye chupa.

Hatua ya 7: Kahawa

Kahawa yenyewe isikutie hofu. Katika mapitio yale ya 2016, wanywaji wa kahawa walionekana kuwa na saratani chache zaidi za ini na za mji wa mimba kuliko wasiokunywa. Kuna wanaouliza kuhusu akrilamaidi, kemikali inayojitokeza kahawa inapokaangwa. Ni kweli imo, lakini wanywaji wa kahawa hawakuonekana kupata saratani zaidi kwa ajili yake, na mwaka 2019 jimbo la California nchini Marekani liliamua kwamba kahawa haihitaji kuwekewa onyo la saratani.

Kahawa chungu ya barazani, ya Mombasa, Lamu au Mji Mkongwe Unguja, ina mazuri mawili na baya moja. Kikombe ni kidogo, na funda ni dogo. Ubaya ni kwamba dele, yaani birika la kahawa, linakaa juu ya makaa muda wote, hivyo kila kikombe kinakuja na moto kamili. Pokea, kiweke chini, maliza kwanza kipande cha kashata au tende na mazungumzo kidogo, ndipo unywe.

Hatua ya 8: Usiunganishe moto na sigara wala pombe

Wanasayansi nchini China walifuatilia watu zaidi ya 450,000, na mwaka 2018 wakatoa matokeo yanayostahili kusomwa na kila mvutaji na kila mnywaji wa pombe. Waliokunywa chai ya moto sana kila siku na pia wakanywa pombe nyingi walikuwa na hatari ya saratani ya umio mara tano ya wale wasiokunywa chai kila wiki na wenye pombe kidogo sana. Kwa wasiovuta wala kunywa pombe nyingi, kunywa chai kila siku hakukuonekana kuongeza hatari. Kwa hiyo kama unavuta, au unakunywa mbege, chang'aa au gongo, kupoza chai ni hatua nzuri lakini mzigo mkubwa bado umeubeba. Anza na sigara.

Ukikwama

Mzee nyumbani anasema chai iliyopoa si chai. Usimbishie, na usimpimie mbele ya wageni. Nyuzi 58 bado ni moto, mtu akioga maji hayo atapiga kelele. Mimina chai yake jikoni, ngoja dakika zako, ndipo uipeleke: "Babu, chai hii hapa, tayari." Atainywa papo hapo kama alivyozoea, na itakuwa salama.

Asubuhi sina muda. Mimina kwanza, ndipo ukaoge na kuvaa. Usifunike.

Kwa mama lishe chai inakuja inatokota. Agiza chai kabla ya chapati, na umwombe: "Mama, nisaidie na kikombe kitupu." Hakuna atakayekunyima.

Nimeungua leo. Suuza mdomo kwa maji baridi na ule vitu laini siku hiyo. Kuungua mara moja hakuleti saratani. Kinachotisha ni desturi ya kila siku.

Tangawizi, mchaichai, limau, majani ya kijani, ipi ni salama? Zote, zikiwa chini ya nyuzi 60. Hakuna kiungo kinachofuta moto. Uji na supu navyo vipe muda uleule, hasa uji wa mtoto, ambao hubaki na moto katikati hata juu ukiwa umepoa.

Nina kiungulia kila siku. Hilo ni tatizo lingine na lina daktari wake. Usilitibu kwa kubadilisha majani ya chai.

Chakula kinakwama. Hapa acha mwongozo huu uende hospitali. Dalili huanza kwa ugali, nyama au chapati kukwama kifuani, mtu akawa anashushia kwa maji, kisha anahamia kwenye uji na supu, kisha hata maji yanakuwa shida, na mwili unapungua. Wengi hufika wakiwa wamechelewa, baada ya kuhangaika kwa miezi na dawa za vidonda vya tumbo. Usisubiri wiki ya tatu. Omba kipimo cha kamera ya umio, endoskopia, kinachopatikana kwenye hospitali kubwa kama KCMC mjini Moshi, Bugando mjini Mwanza, Muhimbili jijini Dar es Salaam, Kenyatta jijini Nairobi, Moi mjini Eldoret na Tenwek huko Bomet. Kabla hujaondoka nyumbani, andika mambo matatu ya kumwambia daktari: ilianza lini, chakula gani kinakwama, na umepungua kilo ngapi.